Baiskeli Iliyosafiri Bila Mwenyewe

Nilistaafu mwezi uliopita, na mwajiri wangu wa mwisho akanipa saa ya mkononi kwa kunishukuru. Niliipeleka kwa fundi aifungue nione kama ina mashine ndani. Inayo. Fundi alinishangaa, lakini yeye hajawahi kupakia mizigo ya watu tangu zama za Mjerumani.

Ninyi vijana mnaofunga baiskeli juu ya mabasi ya Moshi mmekuwa mkinicheka kwamba nikifika kituoni hutazama kamba kwanza, halafu ndipo nawasalimu watu. Mnasema mzee Rama anashuku hata kamba. Ni kweli, nazishuku. Mmeniomba niandike sababu, nami naandika, ingawa nashuku pia kwamba nusu yenu mtaisoma mkiwa mmesinzia juu ya magunia.

Baba yangu alikuwa mpagazi kutoka Unyamwezi. Alifika Arusha akiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani, akaushusha, miguu ikakataa kurudi. Nikakulia kwenye vibanda vilivyokuwa chini ya boma la Wajerumani, nikiuza mahindi ya kuchoma kwa askari, na hapo ndipo nilipojifunza kupatana bei na mtu mwenye bunduki. Ukiweza hilo, abiria hakusumbui.

Reli ilikuwa imefika Moshi ikaishia hapo. Aliyetaka kuja Arusha alitembea, au alipanda punda, au alipanda gari letu. Lilikuwa gari la maksai, refu, la mbao, magurudumu yamevishwa chuma, na nyuma lilikuwa na mabenchi mawili ya abiria ambayo yalitengenezwa na mtu asiyewahi kukaa. Mwenye gari alikuwa Kaburu mmoja aliyelima upande wa Oldonyo Sambu, tukimwita Bwana Piti.

Siku ya kwanza alinipeleka penye maksai akaniambia niwahesabu. Nikasema kumi na sita. Kisha nikarudi mwanzo nikahesabu tena.

"Mbona mara mbili?" akauliza.

"Mara ya kwanza nimewahesabu maksai, Bwana. Mara ya pili nimemkagua aliyehesabu."

Alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe kilema, halafu akanipa kazi. Nadhani aliona heri mshuku awe upande wake kuliko awe upande wa abiria.

Watu wa gari tulikuwa watatu. Mwendeshaji alikuwa Mzee Tobiasi, mtu mweusi mwenye ndevu chache aliyekuja na Makaburu kutoka kusini ya mbali, na maksai waliijua sauti yake peke yake. Mbele kabisa alitembea Lemburis, Mwarusha wa upande wa Sokon, mtu mzima mwenye mke na watoto na mashamba yake, ameshika ukanda wa jozi ya kwanza na kuichagulia njia. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilipatana nauli, nikapanga mizigo, na njiani nilitembea nyuma ya gari, kwa sababu vitu huangukia nyuma na wasiolipa hurukia nyuma.

Mzee Tobiasi ndiye aliyenifundisha kazi. Kamba hakuzitaka. Alitumia kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe, ambazo alizikata mwenyewe kwa kuizunguka ngozi kutoka ukingoni kwenda katikati, ukatoka ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Kabla ya kufunga aliziloweka kwenye ndoo mpaka zikawa laini kama utumbo. Alizifunga zikidondosha maji, akizikanyaga kwa mguu na kuzivuta kwa meno.

"Kaza mbichi," alikuwa akiniambia. "Jua litamaliza."

Na jua lilimaliza. Tukifika uwanda wa Sanya kanda zimeshakauka, zimesinyaa, zimeshika plau na masanduku ya misumari kana kwamba vyote vilizaliwa pamoja na gari. Ukizigonga kwa kidole zinalia. Nimeona gari lile likiinama kwenye kingo za mito, abiria wakiomba Mungu kwa lugha nne, na hakuna debe lililosogea. Mzee Tobiasi alisema mke wake aliwahi kumkimbia, lakini mzigo haujawahi.

Sasa baiskeli. Zilikuwa chache. Walikuwa nazo Wazungu wachache, watu wa maduka, na mwalimu mmoja mmoja wa misheni kule kwenye migomba ya Meru. Waarusha waliziita punda wa chuma, na hawakuziamini kwa sababu hazikuwa na kinywa.

"Mnyama asiyekula," Lemburis aliniuliza, "nguvu anazitoa wapi?"

"Kwa anayempanda."

"Basi aliyepandwa ni nani?"

Nikarudi nyuma ya gari kuhesabu mizigo.

Tabu ya baiskeli ilikuwa kwamba kwenye tambarare ilitushinda mbio, na kwenye mto au mlima ilitugeukia mzigo. Kulikuwa na karani wa duka moja la Arusha, Jivanji, kijana wa Kihindi, mwembamba, mwenye suruali nyeupe. Alitupita tambarare akipiga kengele ili tujue ametupita. Mtoni tulimkuta amekaa kivulini anatungoja.

"Rama, nipandishie hii."

"Nauli ya mzigo."

"Mzigo gani? Nauli ya mtu nalipa. Hii miguu yangu. Mtu analipia miguu?"

"Miguu gani inavuliwa na kuegemezwa mtini?"

"Miguu ya Ulaya, bwana. Ya kisasa."

"Vizuri. Kama ni miguu, kaa nayo kwenye nafasi yako moja. Kama ni mzigo, ulipie."

Alikaa nayo mapajani kuanzia mto Usa, pedali ikimchoma ubavu na mnyororo ukimwandika mafuta kwenye suruali. Abiria walikuwa wakimpa pole kwa sauti ya watu wanaofurahi. Kufika Tengeru akaomba tupatane upya, tukapatana kwa nusu ya bei yangu ya kwanza. Sasa sijui aliyeshinda ni nani. Lakini tangu siku hiyo ikawa desturi: baiskeli ikipanda inalipa, na mwenyewe anaishika kwa mikono yake juu ya mizigo mpaka mwisho wa safari. Hakuna mwenye baiskeli aliyemruhusu Mzee Tobiasi aisogelee na kanda zake. Waliilalia kama mama na mtoto mchanga. Sisi tuliwaona wachoyo. Hatukujua kwamba uchoyo wao ndio uliokuwa ukitulinda.

Ndipo ikaja ile iliyosafiri bila mwenyewe.

Ilishuka kwenye treni Moshi ikiwa imeviringishwa vipande vya karatasi kama mgonjwa wa jipu, na majani makavu yamechomekwa kwenye spoki. Ilikuwa ya Bwana Shauri. Ninyi hamkumjua. Bwana Shauri ndiye aliyekuwa mkuu wa boma la Arusha, yeye ndiye aliyesikiliza kesi, na yeye ndiye aliyeamua viboko. Nikaikagua: magurudumu mawili, pedali mbili, kengele, pampu. Nikakagua tena. Yote mazima, yamenyooka, yanazunguka. Halafu nikamwachia mwendeshaji aifunge, kwa sababu mzigo usio na mwenyewe ulikuwa wake kuufunga.

Aliilaza ubavuni mwa gari, gurudumu la mbele likikalia kigingi cha mbao kilichotokeza pale, akapitisha ukanda huku na huku. Chini yake, kwa ukanda uleule, akafunga kibuyu kikubwa kipya cha Mama Anaeli, mama wa Kimeru aliyekuwa akienda Moshi sokoni na kurudi na sisi. Juu ya vyote tukatandaza turubai ili vumbi lisimkosee Bwana Shauri heshima.

Tulipumzika Sanya jua likiwa kali. Bwana Piti, aliyekuwa akisafiri na farasi wake, alizunguka gari akamkuta Lemburis ameinua turubai, mkono uko juu ya kiti cha baiskeli.

"Unafanya nini?"

"Natazama kiti, Bwana. Nataka kujua ni ngozi ya ng'ombe gani."

 Bwana Piti aliliweka moyoni. Mimi nami, nikiwa nimesimama nyuma, nikaliweka.

Tulipofika bomani, Bwana Shauri alitoka mwenyewe kuipokea, amevaa viatu vilivyong'arishwa. Tukafungua turubai, tukakata kanda, tukaiteremsha, karatasi zikaondolewa. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama chapati iliyoangukia jiwe. Alilisukuma kwa kidole. Likazunguka nusu, likagota kwenye uma, likasimama.

"Nani ameipanda?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na hilo halikumsaidia mtu siku ile.

"Huyu," akasema Bwana Piti, akimwonyesha Lemburis. "Nimemkuta Sanya ameishika."

Sisemi Bwana Piti alidanganya. Nasema alijibu haraka. Kama baiskeli ilipandwa na mtu, mwenye kosa ni mtu huyo. Kama iliharibiwa na gari, mwenye kulipa gurudumu la Ulaya ni mwenye gari. Jibu la haraka lililo na faida ndani yake nimelishuku maisha yangu yote, hata likiwa la kweli.

Lemburis alisema hakuipanda. Bwana Shauri akasema kila aliyeipanda angesema hivyo, jambo ambalo pia ni kweli. Askari wawili wakamtia kwenye chumba cha boma. Hukumu ikawa viboko ishirini na vitano kesho yake asubuhi, ile adhabu tuliyoiita hamsa ishirini, na baada ya hapo mnyororo mpaka mvua ziishe. Mvua zilikuwa hazijaanza. Mtu akikaa kwenye mnyororo msimu wa kupanda, wanaofungwa ni watoto wake.

Nikaanza kushuku, maana ndiyo kazi niliyoijua. Wa kwanza kumshuku alikuwa Lemburis mwenyewe. Tulipofungua turubai, karatasi za kwenye fremu zilikuwa bado zimeviringishwa, na kwenye mipira hapakuwa na vumbi. Lakini vumbi hufutwa, na karatasi huviringishwa upya. Nikawashuku watu wa treni. Nikamshuku hata Bwana Shauri, kwamba labda aliagiza kitu rahisi. Nilipofika kwa Mama Anaeli sikuwa na haja ya kumtafuta, kwa sababu alikuwa amesimama kando ya gari ananingoja, mkono kiunoni.

"Rama, kibuyu changu."

"Kimefanya nini?"

"Usiniulize mimi, uliza gari lako. Kimepasuka."

"Mama Anaeli, kibuyu hiki kilikuwa na ufa tangu sokoni. Mlishanifanyia hivihivi kwa chungu."

"Mimi? Chungu kilikuwa cha dada yangu!"

"Ukoo ni mmoja."

"Haya, wewe mjuzi wa koo za watu. Tia kidole hapa. Kibuyu kikianguka kinapasukia wapi? Si chini? Si vipande? Hiki kimepasuka kiunoni, pande zote, kama mtu aliyevishwa mkanda wa mtoto."

Nikatia kidole, zaidi ili anyamaze. Kiunoni mwa kibuyu palikuwa na alama iliyobonyea, upana wa vidole viwili, imezunguka kote. Ndani ya ufa palikuwa pamenasa nywele nyekundu za ng'ombe.

Nikaenda kwenye kigingi ilipokuwa imelazwa baiskeli. Kipande cha ukanda kilikuwa bado kimeshika mbao. Nikakigonga. Kikalia.

"Mama Anaeli, utapata kibuyu kingine."

"Kikubwa zaidi."

"Kama hikihiki."

"Kikubwa zaidi, au dada yangu atasikia hayo maneno ya ukoo."

Nikakubali. Niliyaona maneno yangu yakinigharimu kibuyu, na bado nikaona nimepata rahisi.

Lakini mambo hayakuwa mepesi. Kama ukanda ndio uliopinda gurudumu, basi mgongo wa Lemburis umepona, na mgongo wa mtu mwingine umeingia mahali pake. Mzee Tobiasi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma akipaka ekseli mafuta. Alishaipaka tulipoingia. Mtu anayepaka mafuta ekseli ileile mara mbili ama amesahau ama anajua jambo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Zile kanda ulizofungia baiskeli, zilikuwa mbichi?"

"Zangu huwa mbichi."

"Na uliona ni baiskeli."

"Mzigo ni mzigo, Rama."

Akaendelea kupaka. Nikamtazama usoni nisione kitu. Wala kosa lenyewe sikuweza kumlaumu nalo. Wafungaji wote wa magari ya maksai tuliowajua walifunga hivyo, na walikuwa sawa, kwa sababu walikuwa wanafunga plau, mbao na masanduku, vitu vinavyobishana na ukanda mpaka ukanda unakubali. Baiskeli haibishani. Sisi hatukuwa tumeiona bado kama kitu cha kuogopewa. Tuliiona ni chuma, na chuma kinakazwa.

Asubuhi nilikwenda bomani kabla ya viboko. Lemburis alikuwa ameshatolewa uani, amesimama kati ya askari wawili, na Bwana Piti alikuwapo, na Mzee Tobiasi alikuwa mlangoni ameshika kofia. Nikaomba ruhusa ya kusema.

"Bwana Shauri, naomba viboko vingoje jua."

"Jua lina kesi gani?"

Nikamweleza habari ya ngozi na kibuyu. Kilichofungwa kwa ngozi iliyolowa hubanwa ngozi ikikauka. Sikutaja aliyefunga. Nilikuwa nimepanga kupatana hatua kwa hatua: kwanza nimtoe Lemburis, halafu ndiyo nifikirie namna ya kumficha mzee.

"Hadithi," akasema Bwana Piti. "Tunafunga hivyo miaka yote. Kitu gani kimewahi kupinda?"

"Kibuyu, Bwana."

"Kibuyu!"

Bwana Shauri akainua mkono. "Huyu anamtetea rafiki yake. Wewe unautetea mfuko wako. Siwaamini wote wawili."

Hapo nikampenda kidogo.

Aliagiza iletwe pete ya chuma ya pipa la bia, nyembamba, isiyozidi sana unene wa rimu ya baiskeli ile. Akaamuru ifungwe ubavuni mwa gari, juu ya kigingi kilekile, kwa ukanda uliolowekwa, ikae juani mpaka alasiri. Ikipinda, Lemburis atafunguliwa. Isipopinda, viboko havitakuwa vimeharibika kwa kungoja. Nikasogea nichukue ukanda kwenye ndoo.

"Si wewe," akasema. "Wewe utaukaza mpaka pete ilie sasa hivi. Wala Piti hatafunga, ataacha nafasi ya mtu kupita. Nani aliifunga baiskeli yangu?"

Lemburis alijua jina. Alikuwa amelala na jina hilo mdomoni usiku mzima bila kulitoa, na sasa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa natafuta neno la kununulia muda.

"Mimi, Bwana," akasema Mzee Tobiasi kutoka mlangoni.

"Basi funga vilevile ulivyofunga."

Kila aliyekuwa pale alielewa. Akikaza, pete itapinda na kosa litakuwa lake. Akilegeza, pete itakaa salama na Lemburis atalala kifudifudi. Hakuna mtu angeweza kuthibitisha kwamba amelegeza, isipokuwa mimi niliyefundishwa na mikono ileile. Nilijua njia zote za kulegeza. Unaacha kukanyaga. Unaficha kidole kimoja chini ya ukanda wakati wa kuvuta, halafu unakitoa. Niliwahi kumwona akiwaonyesha wengine makosa hayo. Basi nikasimama karibu nikakitafuta kile kidole.

Alitoa ukanda kwenye ndoo, akaukamua. Bwana Piti akamwambia maneno machache kwa Kikaburu, kwa sauti ndogo. Mzee alipitisha ukanda huku, akaupitisha huku. Alikanyaga. Akavuta kwa meno mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akafunga fundo. Kisha akajaribu kuingiza kidole chini ya ukanda, kidole hakikuingia, akageuka kututazama kwa zamu ili tuone kwamba hakikuingia.

Tukakaa kungoja. Jua la Arusha siku nyingine husuasua, mlima Meru ukajifunika, ukabaki unatazama mawingu kama mdaiwa. Siku ile mlima ulikuwa wazi. Bwana Shauri aliingia ofisini akatoka, akaingia tena akatoka. Bwana Piti alivuta kiko mpaka kikaisha, akaendelea kukivuta kikiwa kitupu. Askari walichoka kusimama, wakamruhusu Lemburis akae, nao wakakaa.

"Ero, Rama," Lemburis akaniita, kama wanavyoitana Waarusha wa rika moja.

"Naam."

"Yule maksai mwekundu aliyekufa mwaka jana pale mto Kikafu. Si ndiye huyu?"

"Ndiyo ngozi yake."

"Alikuwa mvivu sana huyu. Hakuwahi kuvuta kitu akiwa hai. Ninamwombea leo avute."

Hata askari walicheka. Mzee Tobiasi peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya nira akiutazama ukanda unavyobadilika rangi, kutoka kijivu kwenda njano.

Alasiri pete ilitoa sauti mara moja, kama mtu anayekohoa msikitini, ikapinda. Ilipinda palepale gurudumu lilipopindia. Bwana Shauri aliipapasa kwa kidole, akaupapasa ukanda, akaugonga ukalia. Akawaambia askari wamwachie Lemburis. Halafu akamgeukia mzee.

"Ulijua kwamba itapinda?"

"Leo asubuhi nilijua."

"Na jana?"

Mzee Tobiasi akafikiri. "Jana nilishuku, Bwana."

"Ungeweza kulegeza. Nisingejua."

Mzee akamwonyesha Lemburis kwa kidevu. "Huyu anatembea mbele yangu kila safari. Kutoka Moshi mpaka hapa ninachokitazama ni mgongo wake."

Bwana Shauri akaitazama tena ile pete. Nikaona huo ndio mwanya, nikauingia. Nikamwambia mzigo wa boma uko stesheni Moshi, na maksai hawamsikii mtu mwingine, na mwendeshaji aliyechapwa viboko hakai juu ya gari wala hatembei kando yake. Nikasema viboko vitakwisha kwa siku moja, na mzigo utakaa mwezi. Alinitazama nilivyozoea kutazamwa.

Hatimaye akaamua. Bwana Piti, mwenye gari, alipe gurudumu. Naye akawa mwekundu kuanzia shingoni. Mzee Tobiasi aibebe baiskeli begani kwa miguu mpaka Moshi, ikapande treni iende pwani kwa fundi, ili aujue uzito wa kitu anachokifunga. Na tangu siku hiyo baiskeli isiguswe na ngozi mbichi. Nikatafuta kamba za katani zilizokuwa zikiletwa na treni, na kwa Wameru nikapata magome makavu ya mgomba ya kuviringishia fremu na rimu, tukaanza kuzisimamisha badala ya kuzilaza, na kitu kisikae chini ya gurudumu. Hivyo ndivyo ninavyowasumbua ninyi juu ya paa za mabasi. Kamba za siku hizi hazisinyai, mnaniambia. Labda. Mimi nitazigonga kwanza.

Siku ya pili ya hukumu ile, kumeshakucha, nilisimama kwenye kivuko cha mto Themi, kwa sababu Bwana Shauri alinituma nihakikishe kwamba mzee ameondoka na kwamba hakupanda kitu. Akaja, baiskeli begani, usukani wake ukimgusa sikio. Nyuma yake akaja Lemburis, mkuki mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika gurudumu lililopinda walilolichomoa ili kupunguza uzito.

"Lemburis, nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Bwana Piti anakulipa kwa safari hii?"

"Halipi."

"Basi unatafuta nini?"

"Huyu mzee hajawahi kutembea bila mtu mbele," akasema. "Watapita wapi, yeye na punda wake wa chuma?"

Akampita mzee, akashika njia mbele yake. Mzee Tobiasi akaanza kumkaripia kwa Kikaburu, maneno yaleyale aliyowaambia maksai wakilemea upande, na Lemburis akawa anajibu kwa kulia kama ng'ombe mvivu. Wakaingia mtoni, wakatoka ng'ambo.

Amri ilikuwa ya mtu mmoja. Nikahesabu waliovuka: wawili. Nikahesabu tena.